Mahudhurio ya Ngazini

Jumatatu, 7 Aprili
Tahiya: yupo.
Daftari hili ni la mahudhurio. Nililichukua skuli siku niliyostaafu, miaka sita nyuma, likiwa jipya, na sikuwa na kazi nalo mpaka leo. Nimesomesha miaka thelathini na tano na kila asubuhi ya miaka hiyo niliita majina. Leo darasa langu lina mtoto mmoja. Ni mjukuu wangu, kidato cha pili, amekaa ngazini na kishikwambi mapajani, na mwalimu wake yuko Dar es Salaam. Mimi kazi yangu ni kukaa karibu kuhakikisha kuwa anasoma, hasinzii. Hii ndiyo skuli ya mtandao aliyotuletea binti yangu Bashira, na mimi bado sijaikubali.
Ngazini, kwa sababu nyumba hii ya Mkunazini ina kuta za mawe ambazo hata adhana inapita kwa taabu, seuze mtandao. Tumejaribu chumbani, ukumbini, jikoni. Unashika mahali pamoja tu, pale ngazi inapokata kona, penye dirisha la uchochoroni. Ng'ambo ya uchochoro, ukinyoosha mkono unakaribia kugusa, ni dirisha la jirani yetu Bi Sichana.

Jumanne, 8 Aprili
Tahiya: yupo.
Niandike sababu humu, maana sina pengine pa kuisema. Tahiya ana selimundu, maradhi ya damu ya kurithi. Tangu mdogo anayo, lakini mwaka huu imemkamata vibaya. Mwezi wa Machi pekee alikosa siku kumi na saba, na maumivu yakimjia anauma kitambaa ili asipige kelele. Daktari kasema baridi na kurowa ndio maadui zake wakubwa. Njia ya skuli ikinyesha maji yanafika magotini, na darasa lao liko ghorofa ya tatu.
Bashira anafanya kazi ya dobi katika hoteli huko Paje, anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Yeye ndiye aliyeamua: mtoto asome nyumbani mpaka masika yakatike, kisha arudi. Mwalimu mkuu, Abdulwahid, amekubali jina libaki skulini. Jina hilo ndilo kila kitu, kwa sababu skuli ya mtandao haina mtihani wa taifa, na majina ya watahiniwa yanafungwa mwisho wa Juni. Jina likibaki, mwaka wake umebaki. Likitoka, umekwenda.
Lakini Bashira hakumwambia mwalimu mkuu maradhi. Kamwambia "ana udhuru wa nyumbani". Nami kanikataza kusema kwa mtu yeyote.
"Watu wakijua, Mama, nani atakuja kumposa? Watasema damu yao mbovu."
Nikasema sawa. Katika nyumba yetu neno hilo halijapata kutamkwa. Wifi yangu alikufa kwa maradhi hayo hayo na sote tulisema ni baridi yabisi.

Jumatano, 9 Aprili
Tahiya: yupo. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili
Tahiya: yupo.
Mwalimu wao anaitwa Suhaib, kijana, sauti nzuri, anafundisha masomo yote, haraka kama aliyeacha chungu motoni. Leo kawaambia wote wawashe kamera. Mimi nilikuwa napita nyuma na ndoo ya maji, kanga moja kiunoni, nyengine kichwani. Watoto kumi na wanane, wengine Mwanza, wengine Mtwara, wakanisalimu kwa pamoja: "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba, ningefanya nini? Tahiya kacheka mpaka akashika ubavu. Sijamsikia kucheka tangu kabla ya Ramadhani.

Ijumaa, 11 Aprili
Tahiya: yupo.
Nimetundika kanga dirishani. Bi Sichana anachungulia. Si kwa siri, anakaa kabisa dirishani kwake juu ya mbuzi yake, anakuna nazi, macho huku kwetu. Miaka tisa tumekuwa majirani, sina baya naye, lakini mdomo wake naujua. Ni mtu wa Makunduchi, mjane, anapika maandazi na mikate ya mofa, na nusu ya mtaa inapita mlangoni kwake kila asubuhi. Habari ikiingia pale haitoki nzima.

Jumatatu, 14 Aprili
Tahiya: yupo. Mvua usiku kucha. Umeme umekatika saa nne, umerudi saa sita. Vipindi viwili vimepotea. Skuli ya matofali haihitaji umeme, nimemwambia Bashira kwa simu. Akasema, "Mama, skuli ya matofali inahitaji miguu." Nikakata simu.

Alhamisi, 17 Aprili
Tahiya: yupo.
Mwalimu Suhaib kakosea hesabu ubaoni na hakuna mtoto aliyemwambia. Nikamwambia mimi, kutoka nyuma. Katazama, kasema, "Bibi yuko sahihi." Nimeanza kumheshimu. Walimu wangapi nimewajua wangekubali hilo.

Jumatatu, 21 Aprili
Tahiya: yupo.
Jambo moja nimeligundua. Mbuzi ya Bi Sichana inakwaruza asubuhi yote, kipindi cha Kiswahili kikianza inanyamaza. Kikimalizika inaanza tena. Nyuma ya kanga simwoni, lakini nnajua yuko pale, anategea habari zetu. Nimemwambia Tahiya asiseme lolote la hospitali akiwa ngazini.
"Bibi, mimi darasani nshawaambia kwa kuandika," akasema.
"Umewaambia nini?"
"Kwamba nna selimundu. Mwalimu Suhaib aliuliza kwa nini nimehamia katikati ya mwaka. Kuna mwenzangu Tabora anayo na yeye."
Nikakaa kwenye ngazi. Yaani Tabora wanajua, Mtwara wanajua, na mimi nimetundika kanga ili asijue mtu wa hatua tatu.

Alhamisi, 24 Aprili
Tahiya: yupo.
Bi Sichana kapiga hodi baada ya adhuhuri na bakuli mkononi, limefunikwa kitambaa cheupe. Ndani liwa, ule mti wa kunukia, imesagwa laini, na juu yake kikuba cha asumini na rehani. Liwa tunapaka mtoto mwenye homa, mwenye vipele, mwenye joto la mwili. Nikajua keshajua.
"Mpake mtoto, Mwalimu," akasema. Kila mtu mtaani ananiita Mwalimu. "Nimeona kanga dirishani, na sare haianikwi tena juu ya dari. Mambo haya kwa jirani hayafichiki. Heri inshallah."
"Amin," nikasema. "Lakini Bi Sichana, nakuomba. Lisitoke nje hili."
"Langu kimya."
"Mtoto mdogo bado. Tunamwomba Mungu apite salama."
Hapo akanitazama kwa huruma, akasema, "Hata mimi nilikuwa mdogo." Sikuelewa maana yake, na sikuuliza.
Bakuli la jirani halirudi tupu. Jikoni nilikuwa na halua aliyoleta Bashira wiki iliyopita, nusu kilo nzima haijakatwa. Nikaosha bakuli, nikaijaza, nikampelekea mwenyewe kabla ya alasiri. Nilifikiri mdomo uliojaa halua utafunga. Kaipokea kwa mikono miwili na machozi yakamlenga. Nikasema moyoni, kumbe mwema huyu.

Ijumaa, 25 Aprili
Tahiya: yupo. Kikuba nimekiweka chini ya mto wake, kinanukia chumba kizima. Bashira kaja, kauliza halua iko wapi. Nimemwambia nimempa jirani. Kanuna kwa sababu alitaka kuila kwa kahawa.

Jumanne, 29 Aprili
Tahiya: yupo mpaka saa tano.
Maumivu yamemkamata akiwa ngazini, katikati ya Biolojia. Kwanza magoti, kisha mgongo. Kishikwambi kikamtoka mikononi kikashuka vidato vitatu, na sauti ya Mwalimu Suhaib inaendelea kule chini, "Tahiya? Tahiya, bibi yupo?" Nikajibu, "Nipo." Akasema, "Maji mengi, bibi, na vitambaa vya moto." Nikamwambia hayo nnayajua toka kabla wewe hujazaliwa. Baadaye niliona aibu kwa kumjibu vile.
Mtoto mzito kwangu sasa. Siwezi kumpandisha chumbani peke yangu. Nilisimama pale nimemkumbatia, mvua inanyesha, na jirani wa kunisaidia yuko hatua tatu nyuma ya kanga niliyoitundika mimi mwenyewe, na sikumwita. Niliogopa kumwita. Tumepanda kidato kimoja kimoja kwa makalio, yeye na mimi, nusu saa nzima. Alikuwa anauma ncha ya mtandio wake.

Jumatano, 30 Aprili
Tahiya: hayupo. Hospitali.

Alhamisi, 1 Mei
Hayupo.

Ijumaa, 2 Mei
Hayupo. Ametiwa damu. Bashira kaomba ruhusa, yuko naye.

Jumatatu, 5 Mei
Tahiya: hayupo. Karudi nyumbani, amelala. Wenzake wa skuli ya mtandao wamemtumia sauti, mmoja mmoja, kumi na wanane. Yule wa Tabora kamsimulia yeye hufanyaje akiumwa. Tahiya kazisikiliza zote, kisha kazisikiliza tena. Mimi nilikuwa nasema skuli ile haina watoto, ina picha za watoto. Nafuta kauli.

Alhamisi, 8 Mei
Tahiya: yupo.
Sokoni wanawake wawili nisiowajua vizuri wamenishika mkono na kusema hongera, Mwalimu. Nimedhani ni kwa mtoto kutoka hospitali. Nimesema ahsanteni. Njiani ndiyo nimejiuliza wamejuaje.

Jumatatu, 12 Mei
Tahiya: yupo, lakini kazima kamera.
Rafiki yake wa darasa lile la zamani, Mwanakheir, kamtumia ujumbe asubuhi. Nimeusoma mwenyewe: "Hongera shoga. Mbona hukunialika? Bwana nani? Ijumaa mwalimu kaita majina akaliruka lako, kasema Tahiya ameolewa."
Mtoto kanipa kishikwambi, kaenda kukaa chini kabisa ya ngazi ambako mtandao haufiki.
Nilisoma mara tatu. Halafu vyote vikaja kwa pamoja: kanga dirishani, sare isiyoanikwa, msichana wa miaka kumi na nne hatoki nje, mama yake kasema "udhuru wa nyumbani". Liwa, anayopakwa bibi harusi. Kikuba pia. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nimelirudisha bakuli na halua. Halua ya kurudishia liwa, hapa kwetu, ni ya nini kama si ya posa na ndoa? Nimeitangaza harusi ya mjukuu wangu kwa mkono wangu.

Jumanne, 13 Mei
Tahiya: yupo. Kamera imezimwa.
Sheha Borafya, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, kaja kabla sijamaliza chai. Mtu wa heshima, kavua viatu, kakataa kukaa.
"Bi Shemsa, nimekuja kwa jambo zito. Kumuoza mwanafunzi ni kesi. Nimeletewa habari, sikutaka kuamini, wewe ni mwalimu."
"Hajaolewa, Sheha. Haolewi. Yuko juu anasoma."
"Basi anasoma nini nyumbani wakati wenziwe wako skuli?"
Nikampandisha ngazini akaona. Mwalimu Suhaib alikuwa anaeleza mmeng'enyo wa chakula. Sheha kasikiliza kidogo, kashuka, kauliza, "Na kwa nini?" Nikasema udhuru wa nyumbani. Akanitazama. Hata mimi nilisikia neno lile linavyonuka.
Nikavaa buibui nikaenda skuli mvua ikininyeshea. Mwalimu mkuu Abdulwahid nimemsomesha mimi, darasa la nne, alikuwa akilia akinyang'anywa kalamu. Kaniamkia kwa adabu zote, kisha kanionyesha daftari. Mbele ya jina la mjukuu wangu, wino mwekundu: "Ameacha. Ndoa."
"Nani kaandika?"
"Mwalimu wa darasa. Habari zilienea, Mwalimu, na mama mtu alisema udhuru. Wewe mwenyewe unajua udhuru ule maana yake nini."
"Hamkuja nyumbani kuuliza?"
"Watoto sitini darasani, Mwalimu."
Masharti yake: barua ya daktari yenye sababu, na barua ya sheha yenye mashahidi wawili wa mtaa kwamba mtoto hajaolewa. Mashahidi wa karibu, kasema, si jamaa. Majirani. Kabla ya majina kufungwa.

Jumatano, 14 Mei
Tahiya: yupo. Bashira kwenye simu: hataki barua ya daktari ifike skuli. "Ikifika skuli imefika mtaani." Nimemwambia, na harusi je, haijafika mtaani? Kalia. Mimi nimekasirika, na hasira zote nimezielekeza ng'ambo ya uchochoro.

Alhamisi, 15 Mei
Tahiya: yupo.
Niliingia kwa Bi Sichana asubuhi, hodi yangu ya shari. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna.
"Karibu, Mwalimu."
"Nimekuja kukuuliza. Nani kakwambia mjukuu wangu anaolewa?"
"Wewe," akasema, hata hakusita. "Nilikwambia heri, ukasema amin. Nikakuletea liwa na kikuba, ukanirudishia halua. Halua, Mwalimu. Sauti ya masomo nilikuwa naisikia, nikasema anamalizia kusoma mpaka siku ya harusi."
"Nikakwambia lisitoke nje."
"Nilimwambia mmoja tu. Kwa furaha, si kwa ubaya. Nilifurahi nimerudishiwa halua. Nami nilikuwa na huruma na mtoto, nikasema angalau apakwe liwa na mtu anayempenda. Mimi sikupakwa."
Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake neno likanitoka lenyewe: "Mtoto mgonjwa, Sichana. Ana selimundu. Anasoma ngazini kwa sababu hawezi kurowa." Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kulitamka mbele ya mtu asiye wa nyumba yetu.
Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi.
"Ungelisema," akasema. "Siku ile alipoanguka nilisikia. Nilikuja mpaka mlangoni kwako. Nikasikia unamwambia mtoto nyamaza, jirani atasikia. Nikarudi."
Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamweleza ya skuli, mashahidi, wino mwekundu. Aliposikia wino mwekundu aliweka kifuu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.
"Mwalimu, unanijua mimi?"
"Wewe si Sichana?"
"Sichana nani?"
Miaka tisa, na sikujua.
"Sichana Haji Makame. Makunduchi, darasa la sita, mwaka wa tisini na moja. Dawati la tatu upande wa dirishani. Ulitusomesha Kiswahili, ulikuwa unavaa viatu vyekundu."
Nilikuwa na viatu vyekundu. Makunduchi nilikaa miaka mitatu, darasa la watoto hamsini na tano.
"Nilishikwa na homa ya kichwa," akasema. "Nikapelekwa kwa bibi yangu, nikafichwa ndani siku arobaini, dawa za kienyeji, bibi hataki watu wajue wasije wakasema nina mashetani. Niliporudi skuli, wewe umeshahamia mjini, na jina langu lina wino mwekundu. Ameacha. Ndoa. Mwalimu mpya akasema hawezi kufuta alichoandika mwenzake. Baba akasema, kama mwalimu keshaandika, basi. Mwaka ule ule akanitafutia mume. Mimi niliandikwa kwanza, Mwalimu, nikaolewa baadaye. Watu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Langu lilikuja."
Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningelistahimili vizuri zaidi.
"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"
"Nikwambie ili iweje? Ulikuwa hunikumbuki."
Nikauliza kama atakuwa shahidi. Akasema atakuja, saa atakayosema sheha.

Ijumaa, 16 Mei
Tahiya: yupo.
Sikumbuki kumwandika. Hilo ndilo linaloniumiza. Nimekaa tangu alfajiri najaribu kumwona mtoto dawati la tatu, simwoni. Nawakumbuka waliofaulu, nawakumbuka watundu. Wasichana wa wino mwekundu walikuwa watatu, wanne kila mwaka, na sikupata hata mara moja kwenda nyumbani kwa mmoja wao kuuliza hodi, mtoto yuko wapi. Ilikuwa ndiyo kawaida. Nilikuwa mwalimu mzuri, kila mtu anasema.

Jumamosi, 17 Mei
Bashira yuko hapa. Tumegombana ukumbini tangu asubuhi, mimi nataka barua ya daktari ipelekwe, yeye hataki.
"Wewe hujui wanavyosema watu, Mama."
"Nnajua wanavyoandika."
Nikamsimulia ya Bi Sichana, yote, na viatu vyekundu. Kainama. Bado akasema, "Lakini selimundu ikijulikana, mwanangu ataolewa na nani?"
Tahiya alikuwa mlangoni, hatukumwona. Kasema, taratibu kabisa, "Mama, mimi nshaolewa bila ya mume. Bora niwe mgonjwa."
Bashira kamtazama muda mrefu. Kisha kanyanyuka, kaenda chumbani, karudi na faili la hospitali, kaliweka mezani mbele yangu. Tukala wali kwa mchuzi wa papa.

Jumatatu, 19 Mei
Tahiya: yupo. Mvua kubwa, pengine ya mwisho. Daktari kaandika barua.

Jumanne, 20 Mei
Tahiya: yupo. Kamera imewashwa.
Kwa sheha saa tatu. Shahidi wa kwanza Mzee Bakar wa duka la kona, aliyesaini huku akiomba radhi kwamba na yeye alishatoa hongera. Wa pili Bi Sichana. Sheha kamsogezea kidau cha wino wa dole gumba, kwa kuzoea. Yeye kakisukuma kando, kaomba kalamu. Kaandika herufi moja moja, Sichana Haji Makame, mwandiko wa mviringo uliolala kidogo kulia. Ule ni mwandiko niliokuwa nikifundisha mimi. Nimewafundisha watoto hivyo miaka thelathini na tano, na nimeujua kabla hajamaliza jina la kwanza.

Jumatano, 21 Mei
Tahiya: yupo.
Skuli, mimi na Bashira. Abdulwahid kasoma barua ya daktari, kavua miwani, kasema, "Mngeniambia tu." Wino mwekundu haufutiki katika daftari la serikali. Kaupiga mstari, juu yake kaandika "Kosa", katia saini na tarehe. Kazi ya dakika moja. Nilikuwa natazama mkono wake na nilitamani kulia, nikajizuia kwa sababu ni mwanafunzi wangu.
Jina limebaki. Atarudi darasani masika yakikatika, na mwalimu mkuu katuahidi kulihamishia darasa lao chini. Siku za kuumwa atasoma kwa Mwalimu Suhaib.

Alhamisi, 22 Mei
Tahiya: yupo. Nimetoa kanga dirishani.

Jumatatu, 26 Mei
Tahiya: yupo.
Kipindi cha Kiswahili, mbuzi imenyamaza kama kawaida. Sasa hakuna kanga, nimegeuka nikamwona. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa ametazama chini, midomo inacheza, anarudia anayosema mwalimu. Nimejifanya sikuona.

Ijumaa, 30 Mei
Tahiya: yupo. Jua siku ya tatu. Kawaaga wenzake wa mtandao, ingawa siku za kuumwa atakuwa nao. Yule wa Tabora kamwambia usinisahau. Mwalimu Suhaib kaniaga na mimi, kasema akikosea hesabu nani atamwambia.

Jumatatu, 2 Juni
Tahiya: hayupo. Yuko skuli.
Kaondoka saa moja kasoro, sare imenyooka, chupa mbili za maji. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa uchochoro, yeye na Mwanakheir wakashikana mikono wakakata kona. Nimerudi nikakaa ngazini kwa mazoea. Nyumba kimya. Nilifungua daftari hili nikaandika hayupo, nikafikiri basi, nilifunge, kazi imekwisha.
Saa nne na nusu, saa ya kipindi cha Kiswahili, mbuzi ng'ambo ikanyamaza.
Nikasubiri. Haikuanza tena.
"Mwalimu," akaita kwa dirishani. "Leo hakuna?"
"Mtoto karudi skuli."
"Nnajua. Nimemwona." Akachungulia ngazi tupu. "Nlikuwa nauliza tu."
Nikamwambia aje. Kaja na mikono inanukia nazi, kakaa kidato cha tatu, upande wa dirishani. Nilipoona pale alipochagua kukaa, nikayakumbuka maneno yake ya dawati la tatu. Nikafungua ukurasa mpya. Juu kabisa nikaandika yale niliyoyaandika mwaka wa tisini na moja, maana lazima niliyaandika mimi: Sichana Haji Makame, darasa la sita. Ameacha. Ndoa. Nikapiga mstari, nikaandika Kosa, nikatia saini yangu na tarehe ya leo, nikamwonyesha. Kasoma akiufuata mstari kwa kidole, kasoma tena, kisha kaniambia niendelee, ana maandazi ya jioni.
Nikaita jina lake kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiita asubuhi zote zile.
"Naam," akaitikia.
Sichana: yupo.